Mstari Mrefu Ulioshindwa

Mjukuu wangu Baraka, mume wangu wa Doha,

Hapa hatujambo. Mama yako amepona kifua, na ng'ombe amezaa. Natumaini jua la West Bay halikuunguzi hapo langoni unapolinda.

Umeniuliza kwa nini nijisumbue na foleni ya kumchagua gavana mpya, sasa kwa kuwa aliyepo anaondoka, ilhali wagombea wote ni walewale. Ndiyo mnayoambiana Ijumaa, siku yenu ya ibada huko, mkitoka kanisani Mesaimeer? Swali hilo limeniudhi.

Enzi za ujana wangu tulipiga kura kwa kusimama nyuma ya picha ya mgombea. Mstari wetu ulizunguka uwanja wa shule. Ule mwingine haukufika hata mlingoti wa bendera. Chifu akahesabu, kisha akatangaza kwamba ule mfupi umeshinda. Nikamwambia, "Chifu, hebu tuangalie sisi huku." Hakuinua macho. Alikunja karatasi yake akitazama viatu, jasho likimtoka.

Aibu ile tulimtia sisi, kwa kusimama pale. Tungebaki nyumbani, angedanganya huku akitabasamu.

Kwa hiyo magoti yaume yasiume, nitakwenda. Anayetaka kuiba kura yangu, aiibe nikimtazama.

Nyanya yako