Nyuma ya Mvua

Jumatatu, 3 Aprili 2006
Kompyuta imewaka. Ni mtumba kutoka Dar, inanguruma kama mashine ya kusaga, lakini imewaka. Nimeiunganisha na ile mashine ya kanisa ya trek nne, inayorekodi sauti nne mbalimbali sambamba kwenye kanda moja. Kanda yenyewe imebaki moja tu, ya mwaka 1989. Miaka yote imekaa darini kwa mama, Kyimo, juu ya mafiga. Moshi umeiokoa na ukungu.

Siku ile tulirekodi kwaya nzima kwa pamoja, kanisani. Trek ya kwanza wanawake, ya pili wanaume, ya nne gitaa. Ya tatu ni dada yangu Andongwisye, peke yake na maiki yake. Mwaka uliofuata akafariki, Belinda bado ananyonya. Sasa Belinda ni msichana mkubwa na hajawahi kusikia sauti ya mama yake. Nimemwahidi Jumamosi atamsikia. Meshaki, mwenyekiti wa kwaya, naye anataka CD kabla ya Pasaka. Haya, wote foleni!

Jumatano, 5 Aprili
Mgao huu wa umeme utaniua. Trek ya kwanza na ya pili zimeingia salama. Ya tatu — sielewi. Sauti zinakwenda kinyumenyume. Ya nne vilevile, gitaa hakuna. Nikazigeuza kwenye kompyuta, mwisho uwe mwanzo.

Ni msiba. Akina mama wanalia. Mchungaji anataja jina la marehemu: Andongwisye. Ni siku tuliyomzika pale kwenye migomba. Nimezima.

Alhamisi, 6 Aprili
Nimekwenda Kyimo kumuuliza kaka Lukasi. Hakuficha kitu. Anasema walikuwa wakiipiga kanda hiyo kwenye redio ya kawaida: upande A kwaya safi, upande B kelele za ajabu. Wakaona upande B umeharibika. Siku ya maziko hawakuwa na kanda tupu, basi akarekodi msiba upande huo. Eti mtoto akikua asikie mama yake alivyozikwa kwa heshima.

Upande B! Kanda ikigeuzwa, redio ya kawaida inazisoma trek ya tatu na ya nne kinyumenyume. Hizo kelele za ajabu zilikuwa ni dada na gitaa. Tumemfuta kwa kilio chetu wenyewe.

Kaka akaniuliza kama imetoka vizuri. Alivyonitazama, hasira yote ikaniishia. Nikasema imetoka, ndaga, asante kaka. Nikanywa chai yake, nikaondoka. Nimechoka. Belinda nitamwambia nini?

Ijumaa, 7 Aprili
Nimesikiliza trek ya kwanza toka asubuhi. Siku ile ya kurekodi mvua ilipiga bati mwanzo mpaka mwisho. Tupokigwe, mmoja wa waimbaji, anakohoa, kama kawaida yake. Halafu ubeti wa pili, wanawake wananyamaza — na nyuma ya mvua, yupo. Dada yupo. Mbali, kama mtu anayeimba ng'ambo ya korongo. Maiki ya wanawake ilimdaka.

Nikiongeza sauti, mvua nayo inapanda. Nikiichuja mvua, anaondoka nayo. Nimejaribu kila namna. Nimelia, sioni haja ya kujificha humu.

Jioni Meshaki kapita. Kasikiliza kidogo, kasema wimbo mzuri ila hiyo mvua niitoe, watu watadhani CD ni mbovu. Nikamwambia aende akaitoe yeye. Nimemkosea, najua.

Jumamosi, 8 Aprili
Belinda amefika ameloa chapachapa, na mkungu wa ndizi kutoka kwa bibi yake. Nilipanga kumweleza yote kwanza: kanda, msiba, mjomba wake Lukasi. Nimemwambia tu kwamba mama yupo mbali, awe na subira. Nimemvika spika za masikioni.

Naandika ili nisimtazame usoni. Meshaki naye yuko hapa, CD tupu mkononi. Ananiuliza kwa kunong'ona kama mvua nimeshaitoa.

Kwenye skrini naona ubeti wa kwanza umepita. Tupokigwe amekohoa, Belinda kacheka kidogo. Sasa hacheki tena. Ameinua mkono, tunyamaze. Amefumba macho.

Anasema, taratibu: Mjomba, ongeza mvua.