Kimya Changu Si Ridhaa

Bredäng, Jumapili, Machi 2009

Theluji imeyeyuka nusu, limebaki tope la kijivu, na mimi nimeamka na hasira.

Chuoni tunasoma riwaya za Kiingereza za enzi za Malkia Viktoria. Majuzi niliandika insha juu ya msichana wa riwaya mojawapo: ameketi akidarizi, baba yake na mgeni wanaipanga ndoa yake, yeye kainamisha uso tu. Nilimsema sana. "Kwa nini hakufungua mdomo?" ndivyo nilivyomalizia. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, nikavimba kichwa.

Jana wakaja wageni kutoka mji wa Södertälje kuniposa.

Idrisa si mtu mbaya. Yuko kiwanda cha malori, anaswali, hana makuu. Ila simtaki. Shangazi, aliyenilea hapa ughaibuni tangu utotoni, nilishindwa kumwambia mapema. Nilijipa moyo kwamba siku ikifika nitaulizwa.

Na kweli nikaulizwa. Mjomba wa Idrisa alikuwa ametoka kusema masomo nitamalizia kwa mume wangu, "yeye akiona inafaa." Shangazi akanigeukia, nami nimeshika sinia la visheti. "Haya mwanangu, umeyasikia. Wasemaje?"

Nilikuwa natafuta maneno. Utamkatalia vipi mtu mzima, mgeni wa nyumba yenu, bila kumvunjia heshima? Nikatazama visheti.

"Kimya chake ndiyo ridhaa yake," akasema shangazi. Ikasomwa Fatiha, vikapigwa vigelegele.

Inaniudhi! Muhula mzima nawasoma wanawake wanaosemewa, halafu nasemewa mimi, sebuleni kwetu, na visheti nikawaandalia.

Leo asubuhi nimemfuata jikoni. "Shangazi, sijakubali."

Akaacha kuchagua mchele. "Mbona jana hukusema?"

Swali langu lilelile.

Nikarudia tu: sijakubali. Akanitazama, akafuta mikono kwenye kanga, akanisogezea simu. "Basi waambie mwenyewe. Jana nimekusemea, leo sikusemei tena."

Amenuna, na simlaumu. Mimi nitarudi darasani, yeye atakutana nao kila harusi.

Yule msichana nilimwonea. Kuna siku mdomo unakuwa mzito kuliko sinia.

Naandika haya simu ikiwa sikioni. Inaita.