Alama ya Mzinga kwenye Fomu ya Udhamini

Baba,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu ulinifundisha kwamba hata mtu akiwa na hasira hana ruhusa ya kumpita mkubwa wake bila kumwamkia. Sasa nimeshaamkia, na hasira ninayo. Nina hasira na katibu wa tawi, nina hasira na jirani yetu Mzee Hamisi, na nina hasira kuliko zote na mtu mmoja ambaye nitamtaja nikimfikia.

Jana Katibu alikuja pale ofisi ya kata ninapofanya ukarani wa mkataba. Alikuja na tabasamu. Alisema tangu tukuzike nafasi yako ya ubalozi wa chama iko wazi, zile nyumba chache za mtaa wetu hazina wa kuziongoza, na wazee wanaona binti wa Mzee Yohana anafaa. Halafu akainama mezani kwangu akasema, "Wewe dada una busara. Ulitusaidia sana kwenye lile jambo la mzee."

Lile jambo la mzee! Alilitaja kama vile ulikuwa mbuzi uliyekata kamba ukala mahindi ya watu. Nikamwambia nitafikiria. Usiku huohuo nilishapata jibu, na jibu lenyewe ni barua hii.

Unakumbuka Rungwa, baba? Nilikuwa na miaka kama minane uliponichukua mara ya kwanza kwenda kuona mizinga yako ya nyuki. Tulitembea hadi nikalia, ukanibeba, ukanishusha chini ya mti wenye mizinga minne ya magogo. Nikakuuliza ipi ni yako. Ukanionyesha alama uliyoichonga kwa panga kwenye ubavu wa mzinga: mistari miwili iliyolala, na mmoja unaoikata katikati. Mizinga mingine ilikuwa na alama za watu wengine. Mmoja ulikuwa wa mtu ambaye wewe na yeye hamkuwa mnaongea kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Nikasema basi tuuchukue na huo. Ulinitazama kama nimetukana. Ukasema, "Mama, hiyo ni alama ya mtu. Akichora alama amesema neno lake, na mimi silifuti hata kama simpendi." Nililala njaa ya asali siku ile, maana mizinga yako haikuwa tayari.

Tulipohamia Mwankoko nisome sekondari ulileta vitu viwili tu vya maana, lile panga na kile kitabu cha Katiba ulichokifunga kwa mfuko wa nailoni. Watoto wenzangu walisimuliwa hadithi za sungura, mimi nilisomewa ibara. Nilikuwa nachoka, baba, nakiri. Ulikuwa ukifika ibara ya nane, ile ya kwamba mamlaka yote yanatoka kwa wananchi, unasimama, unavua kofia, halafu unaendelea. Na wewe ulikuwa mtu wa chama, tena wa chama hasa. Fulana yako ya kijani ulikuwa unaifua mwenyewe ili mtu asiiharibu rangi. Sijawahi kukuona ukiona aibu kuvipenda vyote viwili, chama chako na kitabu chako. Wewe ulidhani vinakaa mti mmoja.

Ndipo akaja yule mwalimu. Kwa wasiomjua, acha niseme: mwanamke aliyefundisha uraia sekondari hadi akastaafu, hakuwahi kushika cheo chochote cha siasa, hakuwahi kuimba kwenye jukwaa la mtu. Alitaka kugombea urais kwa jambo moja tu, Katiba. Kwa kuwa sheria hairuhusu mtu kugombea bila chama, chama kimoja kidogo kilimbeba, kidogo kiasi kwamba hapa Singida hakikuwa na hata bendera. Alifika Mandewa kutafuta wadhamini, wale wapiga kura wanaoandika jina, namba ya kadi na sahihi ili mgombea akubaliwe. Wewe ukaniambia twende tukamsikilize. Ulivaa fulana yako ya chama. Nilikusihi uivue, ukasema huna nyingine iliyopigwa pasi.

Sijawahi kuona mkutano kama ule. Hapakuwa na muziki wala kanga za bure. Watu walikuwa wamekuja na rangi zao, wa kwenu wa kijani na wa upinzani waliozoea kurushiana maneno kila uchaguzi, na wote wakanyamaza. Mwalimu alisoma ibara moja, akauliza, "Hii kwenu ipo?" Watu wakacheka kwa uchungu. Akasoma nyingine. Niliwaona kwa macho yangu wanatikisa vichwa pamoja, mwenye kofia hii na mwenye fulana ile. Mzee Hamisi, ambaye amekuwa mpinzani tangu vyama vingi vianze na ambaye hajawahi kukubaliana na wewe hata juu ya hali ya hewa, alikupiga begani akasema, "Yohana, huyu anasema kweli tupu."

Halafu ukasimama. "Mwalimu, mimi ni balozi wa chama kingine, unaiona nguo yangu. Nikikudhamini nitakuwa nimekosea?"

Akakujibu kwa heshima. "Shikamoo mzee wangu. Kudhamini ni kusema huyu aruhusiwe kusimama mbele ya wananchi. Kura yako ibaki kuwa siri yako."

Ukasema, "Basi lete kalamu." Ukaandika jina, ukaandika namba ya kadi, na penye sahihi ukatia sahihi yako, halafu pembeni yake ukachora mistari miwili iliyolala na mmoja unaoikata. Alama ya mzinga! Nilitaka kucheka na kulia. Mtu wa Rungwa akitaka kuweka neno lisiloguswa anafanya nini kingine? Kwako ile ilikuwa sahihi kubwa kuliko sahihi.

Ukampa Mzee Hamisi kalamu. Akaitazama. Akatazama fulana yako. Akasema, "Balozi wao akitangulia, mimi siwezi kufuata. Huu unaweza kuwa mtego." Akaondoka! Dakika kumi nyuma ilikuwa kweli tupu, sasa imekuwa mtego kwa sababu wewe umeipenda. Na wale wa kijani waliokuwa wanatikisa vichwa wakaanza kuangalia nani anawaangalia. Waliobaki kusaini walikuwa wachache sana. Watu wanaouliza kama mgombea wa namna ile anaweza kukubalika kwa watu wa vyama vyote, waje niwaeleze. Alikubalika. Walimkubali wote, nilikuwepo. Walichoshindwa ni kukubali pamoja.

Baada ya siku chache Katibu alikuja nyumbani na wenzake wawili. Ulikuwa unapukuchua mahindi uani. Alikuamkia vizuri, ukaitikia marahaba, akatoa simu yenye picha ya ile fomu. Sijui aliipata wapi, wala hakuna aliyeuliza. "Mzee, hii saini kweli ni yako? Na haya madude pembeni ni nini, umechora kachumbari?" Wenzake wakacheka. Wewe uliweka gunzi chini, ukajifuta mikono, ukavuta pumzi ya mtu anayetaka kueleza jambo tangu mwanzo. Nilijua utaanzia Rungwa. Nilijua utafika ibara ya ishirini, ile inayokataza mtu kulazimishwa mambo ya chama. Nilijua kwamba ukimaliza kueleza hawatakuwa na kicheko tena, watakuwa na kesi. Na mkataba wangu wa ofisi ya kata ulikuwa unangoja sahihi ya watu wanaokunywa chai na Katibu.

Kwa hiyo nikasema mimi. "Msameheni baba. Siku hizi anasahau sana."

Huyo ndiye mtu niliyesema nitamfikia.

Katibu alifurahi, baba. Nililiona lile tabasamu lake la kupata njia nyepesi. "Aaa, kumbe ni umri. Pole dada, kulea wazee ni kazi." Akaniomba niyaandike hayo kwenye karatasi, mistari mitatu tu, na mimi karani wa kata, mwenye mwandiko mzuri, nikaandika. Ukanitazama nikiandika. Hukunikanusha mbele ya wageni. Ulisema tu, "Binti yangu ameshasema," ukaokota gunzi lako.

Fomu ya mkoa wetu ikawekewa pingamizi. Niliambiwa jina lako ndilo lililosomwa la kwanza, mzee asiye na akili timamu aliyechorachora fomu, na karatasi yangu ikasomwa baada yake. Mwalimu hakufika kwenye karatasi ya kura. Sisemi ni kwa ajili yetu peke yetu. Nasema tulikuwemo.

Ulichofanya baada ya hapo ndicho kinachonichoma hadi leo. Hukunigombeza. Asubuhi iliyofuata, nikikuwekea uji, ukasema, "Ibara ya kwanza," ukaitamka yote kwa kichwa bila kitabu, ukaanza kunywa. Kesho yake ya pili. Kila siku ibara moja, mbele yangu, taratibu, kama mtoto anayesomea mtihani. Nilikuwa naosha vyombo ambavyo ni visafi ili nisigeuke. Ningeweza kusema, "Baba, najua hujasahau." Maneno matatu! Nilikuwa nasema kesho.

Ulifika ya kumi na saba ukiwa unakohoa. Hospitalini mapafu yalikuwa yamejaa maji. Ukaniita karibu, ukasema, "Ya kumi na nane," ukakohoa, ukapumzika, ukasema, "Endelea wewe." Sikuijua, baba. Ulinisomea miaka yote ile na sikuijua. Nikakupangusa jasho tu.

Kwenye mazishi Katibu alishika kipaza sauti. Akasema ulikuwa mwanachama mtiifu, na kwamba mwishoni uzee ulikusumbua akili lakini chama hakikukutupa. Watu wakaguna kwa huruma. Mzee Hamisi alikuwa anatazama viatu vyake. Baadaye alinifuata akasema, "Baba yako alikuwa mzima kuliko sisi," nami nikamuuliza kwa nini hakuyasema hayo kwenye kipaza sauti. Akashika njia akaondoka. Lakini ningemlaumu vipi? Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa mbele na mdomo ninao.

Wewe uliheshimu mzinga wa mtu mliyegombana naye. Hawa wameifuta alama yako, na mfutio niliwapa mimi.

Kwa hiyo kesho asubuhi nitafungua ofisi kama kawaida. Kabla ya kufagia nitaibandika barua hii kwenye ubao wa matangazo, penye majina ya waliopata mbegu na tarehe za chanjo, na nitatumia gundi, siyo pini. Ubalozi nimeukataa. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao na sidhani kama kuna atakayeusaini. Naogopa, nisijifanye shujaa. Ila kila anayepita kuchukua barua ya utambulisho atasoma kwamba Mzee Yohana alisaini akiwa na akili zake zote, kwamba ile haikuwa kachumbari, na kwamba aliyesema anasahau alidanganya. Chini kabisa nitachora mistari miwili iliyolala na mmoja unaoikata. Watu wa Rungwa wanaopita hapa watajua haifutwi.

Na ile ya kumi na nane nimeitafuta kwenye kitabu chako, nimeishika. Inaanza hivi, baba: kila mtu anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Ninaijua hadi mwisho. Asubuhi ya leo niliitamka mbele ya kiti chako, uji ukiwa mezani. Kesho ni ya kumi na tisa.

Pumzika, baba yangu.

Ni mimi binti yako,
niliyesema unasahau.