Wanamtaka Mmoja

Jumanne, 10 Juni 2025

Wanamtaka Toi. Mimi hapana.

Bwana Ephraimu wa ustawi wa jamii amekuja asubuhi na faili lake. Wale Waholanzi wa Njiro — Mama Anneke na mumewe — wameomba kumuasili mdogo wangu Silantoi. Mtoto mmoja, chini ya miaka sita. Toi ana mitano. Mimi kumi na mitano. Kwa kuwa ni dada wa damu, maoni yangu yataandikwa. Atarudi Jumatano ijayo.

Kisha akasoma: ndugu wa karibu, hakuna. Nikaangalia dirishani. Mlima Meru haukuonekana, ukungu mtupu.

Uongo ule ni wangu. Niliusema nikiwa na miaka kumi na mmoja, siku tulipoletwa hapa kituo cha watoto, Kijenge. Baba mdogo Lerionka alikuwepo, na yupo. Kwenye msiba wa baba alisema hana uwezo wa kutuchukua. Basi nikamfuta.

Alhamisi, 12 Juni

Mama Anneke kamletea Toi viatu vya mvua. Kavaa mpaka kitandani. Anahesabu Kiholanzi hadi sita. Anamwita yule mama "mama". Yeyoo, mama yetu mzazi, hamkumbuki kabisa, alikuwa wa kubebwa mgongoni.

Mama Anneke si mbaya. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya. Kaniuliza, kwa Kiswahili cha polepole, Toi anapenda uji wa namna gani, anaogopa nini. Akaandika kwenye daftari. Nimemwambia yote isipokuwa kwamba Toi hushika sikio langu anapotafuta usingizi. Hilo sikulitoa.

Eti wakisharudi kwao nitakuwa nawatembelea. Uholanzi! Kama vile ni Kaloleni.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemdanganya Mama Pudensiana, mlezi wetu, kwamba naenda mazoezi ya kwaya. Nimekwenda Sombetini, kwa miguu, nikiuliza nyumba hadi nyumba mpaka nikampata baba mdogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

Aliniangalia usoni muda mrefu. Nafanana na baba, wote husema hivyo.

Wamenipa chai. Nikamwomba aje Jumatano, amwambie Bwana Ephraimu anatuchukua sote wawili. Aliyejibu ni mkewe, Magreth, huku akinyonyesha. Alisema mimi naweza kuja hata kesho, anahitaji mtu wa kumsaidia na mtoto. Ila huyo mdogo, hapana, bado anahitaji kulelewa.

"Na shule?" nikauliza.

"Tutaona."

Kumbe hata huku wanamtaka mmoja.

Baba mdogo alinisindikiza hadi barabarani. "Usije kukaa hapa, Naeku. Hutaiona shule tena. Na mdogo wako, mwache aende." Akageuka haraka. Nilitaka kumchukia njia nzima. Nimeshindwa.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Nimemwosha Toi nywele mara mbili. Akalalamika kwamba zilikuwa safi tayari.

Jumanne, 17 Juni

Nimemwambia Mama Pudensiana kila kitu. Alikuwa anamenya ndizi, akaweka kisu chini. Hakugomba. Bora angegomba.

Alisema ni lazima niseme. Likijulikana baadaye, mahakama inaweza kufuta kila kitu, na Toi atakuwa ameshazoea kule. Nikisema sasa, kesi itasimama, labda miezi mingi, na mkataba wa kazi wa Waholanzi unakwisha Desemba. "Hawatamsubiri?" nikauliza. Hakujua. "Ukinyamaza," akasema, "na mimi nimeshasikia."

Sasa tumekuwa wawili wa kubeba.

Toi kaniuliza kama kwenye ndege tutakaa kiti kimoja. Anadhani tunaenda wote. Hakuna aliyemwambia. Hata mimi.

Jumatano, 18 Juni

Naandika nikiwa bwaloni.

Bwana Ephraimu alikaa hapa mbele yangu, Mama Pudensiana pembeni. Akasoma tena: ndugu wa karibu, hakuna. Ni kweli?

"Yupo," nikasema. "Lerionka. Baba mdogo. Anakaa Sombetini."

Akavuta pumzi. Akachukua rula, akakata lile neno "hakuna" kwa mstari ulionyooka. Akauliza: kwa hiyo unakataa Toi asichukuliwe? Nikasema sijakataa. Basi unakubali? Nikasema sijakubali. Akaniambia lazima aandike kitu. Nikamwambia aandike kwamba nataka awe na mama, na nataka awe na mimi. Aliandika. Niliona kalamu ikienda.

Nikampa namba ya baba mdogo, niliyoichukua Sombetini. Katoka nje kupiga. Namwona hapa dirishani, karibu na geti, simu sikioni, bado haijapokelewa. Gari la Mama Anneke limeingia. Leo ni siku yake ya kumchukua Toi matembezi. Toi ametoka mbio bila sweta. Bwana Ephraimu ameinua mkono, gari lisije mbele, lisubiri. Mama Anneke amesimama.

Toi hajauona ule mkono. Bado anakimbia.