Kibao cha Gereji ya Sylvanus

Kibosho, 2 Desemba 1996

Sylvanus amefungua gereji yake mtaa wa Pasua. Haya, shikamoo dada Dominika, sisi wazima.

Mwanangu akimwambia mteja gari litakuwa tayari saa nane, basi saa nane anaondoka nalo. Moshi nzima inamfuata. Hiyo akili ni ya kwetu.

Ila kibaoni kaandika "Gereji ya Mama Pamela", mama mkwe wake. Eti ndiye aliyemfundisha asipokee gari asiloweza kulimaliza kwa wakati.

"Na huyo ndiye aliyekuzaa?" nikamwuliza.

Jana kaniletea jani la isale kuniomba radhi. Isale haikataliwi, dada, nimeipokea. Kibao bado kipo.

Padri atabariki gereji. Njoo na wanao tujaze viti vya mbele kabla ya yule mama: Jumamosi, tarehe ishirini na nane.

Mdogo wako,
Mama Sylvanus