Maswali Kumi ya Justina

Manitoba, 14 Februari

Dada yangu mpenzi Sara,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Natumaini u mzima huko Chihuahua, na kwamba mguu wa shemeji Abram umepata nafuu. Sisi tunapumua kwa neema yake.

Mjukuu ana wiki sita. Mwanangu Kornelius anajisifu mpaka kanisani wanamtania kuwa amezaa yeye. Ila mkewe Justina ndiye aninyimaye raha.

Tangu ajifungue, anafua nguo za mtoto kila asubuhi, hata zilizo safi, na kuzianika nje. Baridi inazigandisha kama mbao. Jumanne nilimkuta amezianua na kuzisimamisha thelujini, vigauni tisa mstari mmoja, mikono imenyooka, vimeielekea nyumba. Nikamuuliza anafanya nini. Akanijibu kwa upole kwamba hao ndio wanaolia. Akasema huyu wa ndani hajalia tangu azaliwe. Na mtoto alikuwa mikononi mwangu akilia, dada yangu.

Jumatano tukaenda kliniki. Muuguzi akatoa karatasi ya maswali kumi wanayoulizwa wazazi wote, kuhusu siku saba zilizopita: kama unacheka, kama unalala, kama unaogopa. Justina hajui Kiingereza, nikamsomea kwa Kijerumani chetu. La kumi lilikuwa kama amewaza kujidhuru. Akaninong'oneza, "Mama, kila siku. Wananiita nikalale nao."

Nami, Mungu anisamehe, nikatia alama kwenye "kamwe". Yote kumi nikayajibu vizuri. Niliogopa akina mama wa kanisani waseme kwetu hakuna imani. Muuguzi akafurahi, akasema bibi, huyu mkamwana wako yu imara kuliko mimi.

Jana mchana nilimkuta amelala thelujini mwishoni mwa mstari, miguu mitupu, macho wazi, anatabasamu. Nilimburuta ndani, nikampigia muuguzi na kuungama uongo wangu. Leo hospitalini wamemuuliza upya kupitia mkalimani wa simu, mimi nikiwa nimetolewa nje. Wanamtibu. Wanasema atapona, ila itachukua muda.

Sara, nilijua anachosema ni kweli kwake, kwa sababu nilipomzaa Kornelius nami niliitwa. Ile asubuhi uliyonikuta kisimani nikakwambia nachota maji, sikuwa na ndoo. Uliona. Hukuuliza, nami nikashukuru kwamba hukuuliza.

Sasa naomba uniulize.

Msalimie Abram na watoto wote. Mtutie katika sala, Justina kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Aganetha