Mpunga wa Akiba

Lamduan, uko? Nimekwisha, shoga.

Nimeingia ghalani, mpunga wa mbegu haupo. Ule wa akiba! Tuliopanda mwanzo umekaukia wote shambani, tulibaki na huo tu.

Namuuliza mama mkwe, ananijibu bila hata kupepesa macho: "Nimeukoboa. Nimewapikia watawa wali wa kunata, watuombee mvua. Wewe ulikuwa unausubirishia nini?"

Mvua, Lamduan! Nilikuwa nasubiri MVUA!

Eti nimeukoboa. Umekobolewa, umepikwa, umeliwa.

Nikamwambia, mama, sasa tutapanda nini? Akacheka. "Mwanangu, huna imani. Ngoja uone."

Shoga, sikia bati linavyopiga kelele. Inanyesha, tena inamwaga. Yeye yuko uani, kalowa chapachapa, ananiita: "Si nilikwambia? Toka ndani, twende tukapande!"